Lori la Zedekia Juu ya Mawe

Gorret alizaliwa akalikuta lori la babake juu ya mawe. Lilikuwa Bedford lenye pua ya mviringo, rangi yake ya samawati ilikuwa imepauka hata ikakosa jina, na lilikaa nyuma ya nyumba yao pale Bwera, mbao zake zikiota uyoga na kuku wakitaga chini ya usukani. Yeye na mdogo wake Jonan walikua ndani yake. Walishika usukani wakasafiri mpaka Kasese, mpaka Kampala, mpaka Butembo, bila kusogea hata unyayo, na jioni wakashuka wamechoka kwelikweli.

Baba yao, Mzee Zedekia, alikuwa kichekesho cha mtaa kwa sababu ya lori lile. Liliacha kutembea mwaka wa 1979, siku zile askari wa serikali iliyoanguka walipokuwa wakikimbilia Kongo na kunyakua kila chenye magurudumu. Halikutembea tena. Hata hivyo kila Jumamosi Zedekia alichota maji akaliosha, akafungua boneti, akainama humo na mkebe wa grisi. Majirani walimwuliza analiandaa kwa harusi ya nani. Alicheka pamoja nao, akakamua kitambaa, akaendelea. Ukimwuliza kwa nini halitengenezwi, alisema, "Iache. Inapumzika." Pumziko gani la miaka thelathini na mitano? Lakini mzee alikuwa mpole, na mtu mpole huachiwa wazimu wake mmoja.

Alifariki mwaka wa 2014. Baada ya mazishi ukoo ulikaa, katekista akawa shahidi, wosia wake ukasemwa. Shamba la kahawa na kiwanja cha nyumbani ni vya Jonan. Lori ni la Gorret. Watu waliinamisha nyuso kuficha vicheko, maana matangani hakuchekwi, na mke wa Jonan akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha kifua.

Gorret hakucheka. Alikuwa mchuuzi wa mchele na nyanya za Mubuku, na kila siku ya soko la Mpondwe alibembeleza malori ya watu kama anayeomba posa. Lakini si hilo tu. Alilitaka lori lile kwa moyo wake wote tangu akiwa na meno ya utoto. Alitaka kulisikia likinguruma, walau mara moja, na hakuwahi kumwambia mtu.

Jonan si mtu mbaya. Ni mtu wa haraka. Alitaka kujenga nyumba ya matofali, na lori lilikalia mahali pa msingi. "Dada," alisema, "la kuvunda halina ubani. Kama hiyo gari itatoka hapa na nguvu yake mbele ya Krismasi, ni yako, nitakupigia makofi. Ikishindwa, nitaita watu ya vyuma wakate."

"Sawa," Gorret akasema. Wakapeana mikono mbele ya wazee, na katika ukoo wao mkono ukishapeanwa hivyo haurudi.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Fundi aliyepatikana alikuwa Sosthène, Mkongo wa Butembo aliyekimbia vita vya kwao na kufungua gereji ya mabati karibu na soko. Siku ya kwanza hakugusa kitu. Alilizunguka lori, akavua kofia, akaliambia, "Shikamoo, muzee." Kisha akawafukuza kuku.

Alimimina mafuta ndani ya injini akayaacha yalowe siku kadhaa, akaingiza mpini wa kuizungushia mbele, akausukuma kwa mwili wake wote. Mara ya kwanza ulikataa, mara ya pili ukakataa. Mara ya tatu ukazunguka taratibu, na ndani mkasikika mvumo mzito, kama mtu anayegeuka usingizini.

"Moteri iko muzima, mama," Sosthène akasema. Ila alipoinama ubavuni, akamwita. "Mama, kuya uone."

Pale palipotakiwa kuwa na pampu ya dizeli, ile inayosukuma mafuta ndani ya injini, palikuwa na kipande cha ubao kilichovikwa kitambaa cha mafuta.

"Iliibwa?" Gorret akauliza.

"Hapana. Mwizi anaweza kurudisha mabulo mu nafasi yao? Anaweza kuyapaka grisi?" Alizigusa bolti moja moja. Zilikuwa zinang'aa. Kisha akapitisha kidole juu ya mkwaruzo mwembamba kwenye chuma. "Na hii ni alama ya tindo. Iliwekwa ili pampu ikirudi, ikae palepale. Ule mutu aliitoa na mapendo, mama. Alitaka kuirudisha."

Gorret alizitazama zile bolti. Kumbe hizo ndizo Jumamosi zake zote. Babake hakuwa akiosha lori bovu. Alikuwa akitunza nafasi ya kitu ambacho siku moja kingerudi. Sasa kiko wapi?

"Siwezi kupata ingine?"

"Butembo benye gari ya namna hii balikufa, na gari zao zilikatwa. Pampu ya moteri ingine haiingie."

Aliyebaki hai kati ya watu wazima wa nyumba yao wa siku zile alikuwa mmoja tu, Shangazi Bulandina, dada wa Zedekia, aliyeishi Kyondo juu mlimani. Gorret alipanda boda kesho yake. Akamkuta amekaa kwenye mkeka anachambua kahawa, macho yamefifia lakini vidole vinaona kila punje mbovu. Alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza jambo ambalo halikuhusu gari hata kidogo.

"Mama yako ni miaka ngapi sasa tangu alale?"

"Mitano, shangazi."

"Na huyu naye amemfuata. Basi kiapo yangu imeisha." Akasukuma ungo pembeni. "Hiyo kitu iko ndani ya kaburi ya Masika."

Gorret alidhani mama wa watu amechanganyikiwa. Nyuma ya jiko lao, penye migomba, palikuwa na kaburi dogo lenye msalaba wa mti. Mama yao alilifagia kila asubuhi ya maisha yake, na katika Siku ya Wafu aliketi hapo mpaka jua linazama. Gorret jina lake la nyumbani ni Biira, na Mkonzo yeyote akisikia Biira anajua kwamba kabla yake alizaliwa binti mwingine, Masika. Wala hakuna aliyehitaji kuambiwa aliyelala pale ni nani.

Bulandina akasimulia. Vita vilipokaribia, wanawake na watoto walivuka mpaka kwenda upande wa Kasindi. Zedekia alibaki peke yake kulinda lori. Alijua askari wakilikuta zima wataondoka nalo, na yeye akiwa dereva wao mpaka watakapomuua. Akang'oa pampu. Alijua pia kwamba watachimba kila penye udongo uliotifuliwa wakitafuta vitu vilivyofichwa, isipokuwa mahali pamoja. Basi akaizika pampu migombani, akainua kilima kidogo cha kadiri ya mtoto, akachomeka msalaba. Askari walikuja. Walimpiga, wakalipiga lori mateke, wakatukana, wakaenda zao. Kaburi la mtoto hawakuligusa.

"Kule Kasindi Masika akapata surua," Bulandina akasema. "Mama yako naye alikuwa na homa, hajijui. Mtoto akafa mikononi yangu. Nikamzika mimi, kando ya barabara, na sahani tu, kwa sababu jembe hatukuwa nayo. Mama yako alipopata akili nilimwambia. Hakulia kwa sababu mtoto amekufa. Alilia kwa sababu amelala kwa udongo ya watu."

Vita vilipopita walirudi kwa miguu. Zedekia alikuwa amesimama mlangoni, anatabasamu, uso bado una majeraha. Kabla hajafungua kinywa, mke wake aliliona lile kaburi. Akafika pale, akapiga magoti, akalishika kwa mikono yote miwili. Mambo ya wanaume wa ukoo wanawake huwa hawaelezwi; alidhani mumewe amepata habari, akavuka mpaka kwa siri, akamchukua mtoto, akamleta alale kwao.

"Akamwuliza, 'Umemrudisha nyumbani?' Baba yako akaniangalia mimi. Mimi nyuma, mikono haina kitu. Ndivyo alijua mtoto wake amekufa, Gorret. Kwa kushukuriwa." Mikono ya Bulandina ilikuwa imetulia juu ya mapaja. "Akasema, 'Ndiyo.' Neno moja. Gari yake ilikufa hapo."

Gorret aliona mbele yake Jumamosi zote za babake: anaosha, anachekwa, anacheka nao, na hatua chache tu kutoka hapo, mkewe anafagia. Jembe moja tu lingetosha. Mtu aliyekuwa na lori, wakati Bwera nzima malori yalihesabika kwa vidole, alikubali kuitwa mjinga mpaka kufa ili mke wake awe na mahali pa kulilia. Gorret alimwogopa babake siku ile, kwa mara ya kwanza, woga ule wa mtu anayeingia kanisani akakuta hakuna mtu mwingine.

"Na mama alipokufa? Kwa nini hakuchimba?"

"Nilimwambia. Akasema yeye pia amezoea kumlilia hapo. Akasema, siku mimi siko, Gorret akiuliza, mwambie."

Walishuka Bwera pamoja, bibi kizee katikati ya Gorret na mwenye boda. Jonan alipoambiwa, uso ulimbadilika. Yule yule aliyetaka lori likatwekatwe sasa alisimama mbele ya kaburi ametanua mikono.

"Kaburi ya Masika hapana. Bora gari ioze. Mama alikaa hapa kila siku. Wewe ulikuwa unaona!"

"Niliona," Gorret akasema. Ukweli ni kwamba laiti mtu mmoja tu angemwambia aache, angeacha. Alilitaka lori, lakini si kwa kumfukulia mama yake machozi yake.

Aliyeamua ni Bulandina. Alivua ndala, akachukua jembe mkononi mwa Gorret. "Jonan, mwanangu, huyo mtoto nilimzika mimi. Najua pale alilala. Humu hakuna mtu. Baba yako alitoa gari kwa ajili ya mama yako, na mama yako amelala. Sasa anatoa gari kwa ajili ya dada yako. Unataka afanye hivyo bure?"

Akaupigia msalaba goti, akaung'oa kwa adabu, akampa Jonan aushike. Kisha akachimba. Alikuwa amezeeka, jembe lilipanda na kushuka kidogo kidogo, na hakuna aliyethubutu kumpokea mpaka lilipogonga chuma.

Lilikuwa debe, limefungwa kwa ngozi ya mbuzi na kuzungushiwa vipande vya mpira wa tairi, tabaka juu ya tabaka. Ngozi ilikuwa imekauka kama ubao. Sosthène aliikata kwa kisu. Ndani mlijaa grisi, nyeusi juu, ya manjano chini, na alipotumbukiza mkono mpaka kiwiko akaivuta pampu nje, jua likaigonga ikameta. Hapakuwa na tone la kutu. Jonan aliusahau msalaba mikononi mwake, akasogea karibu.

"Ule muzee," Sosthène akasema polepole. Aliizungusha shafti yake kwa vidole viwili. Ikazunguka.

Siku zilizofuata zilikuwa za kazi: mabomba mapya, matairi yaliyotumika ya kutoka Butembo, betri za kuazima. Pampu iliingia mahali pake, alama ya tindo ikakutana na alama ya tindo. Wiki ya mwisho kabla ya Krismasi Gorret alipanda kwenye usukani. Sosthène alitoa hewa kwenye mabomba, akainua mkono.

Lilikohoa, likanyamaza. Likakohoa tena. Halafu moshi mweusi ukapanda juu ya paa, na lile Bedford likanguruma.

Sauti ile haikuingia masikioni. Ilianzia kwenye nyayo. Masufuria yaliimba jikoni. Wanawake waliokuwa wakipalilia upande wa pili wa barabara walinyooka wote kwa pamoja. Mzee Kasim, jirani ambaye ndiye aliyekuwa hodari wa kumtania Zedekia kuhusu harusi, alitoka nje na kofia mkononi, akasimama hivyo bila kuivaa. Gorret alishika usukani, ule ule wa safari za utotoni, na ulikuwa ukitetemeka wenyewe mikononi mwake. Hakulia, hakucheka. Alikaa tu na ule utukufu kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa mwenzake, anaogopa kujitikisa.

Akaachia klachi. Lori likashuka kutoka mahali pake, likapita migomba, likapita jiko, likatoka kwenye lango kwa nguvu zake lenyewe, kundi zima la mtaa likilikimbilia nyuma kwa vigelegele. Makofi ya Jonan, yale aliyoahidi, hayakusikika.

Gorret alishuka barabarani akarudi ndani kumtafuta. Alimkuta nyuma ya jiko, ameinama, anarudisha udongo shimoni kwa mikono. Msalaba ameuegemeza kwenye mgomba.

"Jonan. Sasa hata hapa unaweza kujenga. Hakuna mtu humo."

"Nitaambia fundi msingi usifike hapa," alisema bila kuinua kichwa.

"Lakini shangazi amesema..."

"Nimesikia shangazi." Akapangusa uso kwa mkono wenye udongo. "Masika haiko humu. Lakini kulia ya mama yote iko humu. Na ya baba. Tutaipeleka wapi?"

Gorret akapiga magoti upande wa pili wa shimo, akaanza kusukuma udongo. Nje lori liliendelea kunguruma, kwa sababu Sosthène alikuwa amekataa katakata kulizima.