Safu ya Neno Moja

Daftari lenyewe ni dogo, la karatasi za miraba, la aina ambayo watoto wa shule ya msingi huandikia hesabu. Pembe yake moja imeingiwa na unyevu ambao haukukauka sawasawa. Ndani yake kuna jedwali nililolichora kwa rula, na katika safu iliyo chini ya herufi ya kwanza ya jina la msichana niliyekusudia kumwoa, neno "nzuri" limeandikwa mara tano. Ninajua ni mara tano. Nimeyapitia maandishi hayo mara nyingi kuliko nilivyoipitia tasnifu yangu, ambayo mpaka sasa haijakamilika.

Tulikuwa tumekubaliana kwamba tukirudi kutoka Mlima Kenya, ningewatuma wazee wangu kwa baba yake kuanza mazungumzo ya ndoa. Yeye ndiye aliyelipendekeza jambo hilo, tena kwa mzaha, siku tuliposimama kwenye ukingo wa Longonot tukiwa tumejaa vumbi mpaka kwenye kope. Alisema kwamba mwanamume anayeweza kutembea naye siku tano bila kumkinai anastahili kusikilizwa na baba yake. Mimi sikulichukua kama mzaha. Niliporudi nyumbani nililiandika.

Nilikulia Makongeni, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, na yeye Jericho, mwendo wa miguu usiozidi nusu saa. Baba zetu wote walitoka magharibi. Wa kwake alifanya kazi katika baraza la jiji na yeye binti alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja mjini. Mimi nilikuwa nikisomea shahada ya uzamili katika jiografia, nikichunguza mvua, na kwa hiyo aliniita Daktari wa Mvua ingawa chuo mpaka leo hakijafikiria kuniita daktari wa chochote. Kuanzia mwaka tisini na tatu tulitumia kila likizo kupanda mlima: Ngong, Ol Donyo Sabuk, Longonot. Ukutani chumbani kwake alikuwa amebandika ramani ya Afrika iliyotolewa katika kalenda kuukuu, na juu yake alikuwa amezungushia kalamu nyekundu Elgon, Kilimanjaro na Rwenzori. Rwenzori ilikuwa ya baada ya harusi.

Kupanda milima halikuwa jambo lililoeleweka mitaani kwetu. Mama mmoja jirani alituona tukitoka na mifuko mgongoni, akauliza, "Mnatafuta nini huko juu? Mbuzi wenu amepotea?" Siku za Jumamosi tulifanya mazoezi katika jengo la ghorofa tano huko Kariobangi alikoishi kaka yake, fundi wa vyuma. Tulipanda na kushuka ngazi, kila mmoja amebeba pakiti sita za unga wa mahindi. Kaka yake alikuwa akiwaambia wapangaji kwamba tunahama, ila tunahama polepole. Viatu tulivinunua Gikomba, katika marundo ya mitumba. Vyake vilikuwa vizuri sana, vya ngozi nene, lakini vilimzidi kwa namba moja. Ninataja namba hiyo kwa sababu baadaye niliitumia vibaya.

Kwa safari ya Mlima Kenya niliamua kufanya mambo kwa utaratibu. Nilisoma katika maktaba ya chuo kuhusu ugonjwa wa kimo, yaani namna mwili unavyoweza kushindwa na hewa nyepesi ya juu, na jinsi dalili zake zinavyofanana na uchovu wa kawaida mpaka mtu anapoanza kupotewa na akili. Kitabu kilishauri kila mtembeaji aulizwe hali yake asubuhi na jioni, na majibu yaandikwe. Nilichora safu moja nyembamba kwa kila mmoja wetu watatu: mimi, yeye na kaka yake. Upana wake ulitosha neno moja. Swali nililolichagua lilikuwa lile tunaloulizana sote kila siku: umeamkaje, umeshindaje.

Ninapaswa kueleza kosa hili vizuri, kwa kuwa sidhani mgeni angelifanya. Nilipokuwa na umri wa miaka tisa, mjomba wangu alifika Makongeni kutoka nyumbani kwa gari moshi la asubuhi. Mama alimpokea mlangoni. "Habari za nyumbani?" "Nzuri." "Watoto?" "Wazima." "Mvua?" "Imenyesha, tunashukuru." Alikaa, akaletewa chai, akainywa yote, akaweka kikombe chini, kisha akasema, "Ila mama ametuacha." Bibi alikuwa amefariki siku mbili kabla. Hakuna aliyemwona mjomba kuwa mwongo. Kwetu jibu la kwanza ni heshima kwa anayeuliza. Habari yenyewe huja nyuma yake, baada ya ila, na anayeuliza anapaswa kuisubiri. Nimeujua utaratibu huo maisha yangu yote. Nilichora safu ya neno moja.

Siku ya kwanza ilikuwa msitu na vicheko. Siku ya pili tulivuka kinamasi cha mteremko, ambapo mguu huzama mpaka kwenye kigimbi, kisha tukafuata bonde refu hadi kambi ya juu, chini ya vilele. Tulikuwa na kiongozi wa njia, mwanamume wa makamo mzaliwa wa upande wa Naro Moru, mwenye maneno machache. Jioni hiyo tulijaribu kupika ugali. Huko juu maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha, na unga ulikataa kuiva.

"Huu si ugali," kaka yake alisema, akiugeuza kwa mwiko. "Huu ni uji wenye kiburi."

Dada yake alikula matonge mawili akasukuma sahani. Nilijiambia kwamba ni kwa sababu ugali ni mbichi. Alipokwenda kuchota maji alijikwaa mara mbili mahali palipo tambarare. Nilijiambia kwamba ni ile namba moja ya viatu. Kila dalili niliipatia sababu, na kila sababu ilikuwa ya kweli. Ndiyo shida ya mtu wa aina yangu.

Kiongozi alimtazama kwa muda, akaniambia pembeni, "Mngekaa hapa siku moja zaidi kabla ya kupanda."

Nilifungua daftari nikamwonyesha. Wote watatu, nzuri. Chakula chetu na likizo yangu havikuwa na nafasi ya siku nyingine. Akalisoma daftari kwa heshima, kama mtu anayesoma barua ya mkubwa.

Tuliamka kabla ya alfajiri ili tufike kileleni jua linapochomoza. Tulikuwa tukielekea kilele cha tatu, ambacho mtembeaji asiyetumia kamba anaweza kukifikia. Nilikaa mlangoni mwa kibanda, tochi mkono mmoja, kalamu mkono wa pili, daftari juu ya goti.

"Umeamkaje?"

"Nzuri," alisema. "Ila…"

Nilikuwa ninaandika. Kaka yake akapaza sauti kutoka gizani, "Sista, usimkatize Prof, anaandika historia." Sote tukacheka, na yeye pia alicheka, nina hakika alicheka. Kisha tukaanza kupanda.

Baada ya saa moja hivi, kwenye mawe madogo yanayoteleza, alikaa juu ya jiwe. Alisema twende, yeye atapumzika kidogo na kutufuata. Nilitazama saa. Nilipiga hesabu ya mwendo uliobaki na ya muda wa jua kuchomoza. Kisha nikafanya jambo ambalo sijamsimulia mtu yeyote mpaka leo: nililitoa daftari nikamsomea. Nilimsomea safu yake yote, nzuri tano, nikasema, "Kwa mujibu wa rekodi, wewe ndiye mzima kuliko sisi wote. Ni uchovu tu."

Kaka yake akasema atabaki naye. Kiongozi alisita, akamtazama yeye, akanitazama mimi.

"Mwenye daftari ni wewe," alisema.

Nilifika kileleni. Kulikuwa na mawingu meupe chini yetu kila upande, na vilele viwili vikubwa karibu sana vikiwa na barafu. Nilitafuta upande wa kusini mahali Nairobi ilipopaswa kuwa. Kutoka juu ya nyumba za Makongeni, asubuhi iliyotakaswa na mvua, mlima huo huonekana, kwa hiyo nilitarajia, bila mantiki yoyote, kuiona Makongeni. Niliandika saa ya kufika.

Tuliposhuka, jiwe lilikuwa tupu. Kambini hawakuwepo pia. Mpishi wa kundi jingine alitueleza kwamba dada yule alianza kutapika, kisha akawa anaongea kama mlevi, akiuliza ni nani amefunga mfereji wa maji wa Jericho na foleni iko ndefu hivi. Kaka yake alikuwa amembeba mgongoni mpaka kambini, na kutoka hapo wapagazi wawili wakamsaidia kumteremsha.

Nililipita bonde lile na kinamasi chote bila kusimama. Nilijua kutoka kitabuni kwamba tiba ni kushuka, na kwamba kushuka hutibu haraka. Nilijua pia kutoka kitabuni ni watu wa namna gani ambao haiwatibu: waliocheleweshwa. Sikumbuki ardhi yoyote ya njia hiyo.

Walikuwa katika kibanda cha chini, msituni. Alikuwa amefungwa mablanketi, ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili, macho yamerudi kuwa yake. Kaka yake aliniona akatoka nje. Nilipiga magoti mbele yake, na swali lililonitoka kinywani lilikuwa lile lile, kwa kuwa sina jingine.

"Umeshindaje?"

Aliweka kikombe chini.

"Nzuri," alisema. "Andika."

Wazee wangu hawakwenda Jericho. Wiki tatu baada ya safari nilikwenda mimi mwenyewe, na tuliongea tukiwa tumekaa kwenye kizingiti cha nyumba yao, huku mama yake akiwa ndani amezima redio ili asikie. Nilikuwa nimetayarisha maelezo yenye sehemu nne. Alinisikiliza mpaka sehemu ya pili.

"Sikukasirika kwamba ulipanda," alisema. "Hata mimi ningetaka kufika. Ni ile tochi. Ulikuwa hatua mbili kutoka kwangu, gizani, na tochi ilikuwa inamulika karatasi. Hukunimulika mimi hata mara moja."

Nilimwuliza ni nini kilichokuwa kifuate baada ya ila. Alifikiri kwa uaminifu, nilimwona akifikiri.

"Sikumbuki. Pengine nilitaka maji."

Huo ni mwaka na nusu sasa. Nimejaribu kulisahihisha jedwali kwa penseli, nikaliongeza lile neno "ila" katika kisanduku cha tano, kisha nikakosa cha kuandika mbele yake. Nimepata pia mazoea mapya. Mtu akinijibu "nzuri", ninanyamaza na kuhesabu polepole mpaka kumi kabla ya kusema lolote. Mtaani wanadhani nimekuwa mzito wa kusikia, na mama yangu amenishauri nikapimwe.

Nilikutana naye mwezi uliopita Gikomba, kwenye marundo yale yale ya viatu. Alikuwa ameshika jozi ya kutembelea milimani, akiipima soli kwa kidole gumba kama tulivyofundishana. Nilimsalimia, nikamwuliza habari.

"Nzuri," alisema.

Nikanyamaza. Nilifika saba, nane. Alielewa ninachokifanya kabla sijafika kumi, na uso wake ukalainika, jambo ambalo lilikuwa gumu kulivumilia kuliko hasira.

"Hakuna ila," aliniambia, kwa upole. Akamgeukia mwuzaji, akamwuliza kama anazo zinazopungua namba moja.