Mkono Ndani ya Zimwi

Tangu tumzike mume wangu sikai mahali. Nikikaa nainuka. Nafagia uwanja ambao nimeshaufagia, nafungua kabati halafu nasahau nilitaka nini.

Siku hiyo, nyumbani Chang'ombe, nilikuwa nahamisha masufuria bila sababu. Akaingia binti anayesomea filamu chuoni Chimwaga, pamoja na shemeji yangu, mdogo wa marehemu. Shemeji amebeba kiroba. Nikajua ndani mna lile zimwi.

Mume wangu alikuwa fundi viatu. Wanafunzi walimwomba kikaragosi cha filamu yao, zimwi linalomeza mawingu ili mvua isinyeshe. Kichwa alikitengeneza kwa ngozi mbichi ya mbuzi. Aliiloweka, akaivaa mkononi kama soksi, akakaa juani ameinua mkono mpaka ngozi ikakauka na kushika umbo lake. Kwa hiyo zimwi lilimtii yeye tu. Akafariki filamu haijaisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibuni."

"Mama, tumejaribu wote kulivaa. Mdomo haufungi."

Shemeji akadakia, "Zimwi gani linapiga miayo mbele ya kamera!"

Binti hakucheka. "Tunaomba tuliloweke upya, likaukie kwenye mkono wa mtu mwingine."

Nililitoa kwenye kiroba, nikaingiza mkono. Mle ndani kulikuwa na vifundo vya vidole vyake, hata pale kidole cha shahada kilipopindia tangu alipojipiga nyundo. Nguo zake tulizigawa siku ya kuondoa matanga, na sikulalamika. Kichwa hiki hakuna aliyekikumbuka.

"Likilowekwa hivi vyote vinafutika?"

"Vinafutika, mama."

Nilishukuru kwamba hakunidanganya. Nikatoka nje, nikarudi, nikatoka tena. Nilifika mpaka kwenye duka la jirani, sikununua kitu. Niliporudi walikuwa bado wamesimama.

"Na nikikataa?"

"Basi filamu itaishia hapo. Zimwi bado halijatapika mawingu."

"Hapo sasa," shemeji akasema, "mvua ikikosekana Dodoma, watu wataijua nyumba ya kuja kugonga."

Mume wangu alitaka sana kuiona hiyo mvua ya filamu. Aliizungumza hata alipokuwa hawezi kula. Nikaenda kuleta beseni, nikalizamisha zimwi kwa mikono yangu, na kila baada ya muda mfupi nikawa nalibonyeza kuona kama ngozi imelegea.

Ilipolainika, shemeji alikunja mkono wa shati alivae.

"Hapana, shemeji. Nivalishe mimi."

"Utaweza kulichezesha?"

"Nitafundishwa."

Nikaketi juani. Nikatafuta vile vifundo kwa ncha za vidole. Ngozi ilikuwa laini na baridi pande zote, kama ya mnyama yeyote. Iliniuma kuliko nilivyotegemea. Ilipoanza kukauka, binti akaniuliza kama inabana. Nikamjibu kwamba inabana sana, na asiiguse.