Toa Mguu, Ndipo Ugeuke

Mwaka ule wa vita vya Majimaji, mgongo wangu haukuwa wangu peke yangu. Mama alikuwa amevimba magoti tangu masika, hakuweza kukanyaga tope, na nyumba yetu pale Kiongoroni ilikuwa mbali na mkondo tulikofunga mitumbwi. Baba alikuwa ameshafariki. Mjomba, kaka yake mama, aliharibika kiuno zamani, akawa anatembea ameinama kama mtu aliyedondosha sindano. Siku askari wa Wadachi wakitokea, wa kumbeba mama hadi mtumbwini nilikuwa mimi tu. Kila asubuhi nilipotoka kwenda kukata mikoko, mama aliniambia nimrudishie mgongo wake mzima.

Nami niliondoka nikiruka madimbwi. Sijui niseme vipi furaha ya miezi ile. Habari zilishuka na mto kutoka Utete zikiwa bado za moto, kila mtumbwi una habari yake, na sisi wakataji tulizipokea midomo wazi, shoka mkononi. Nilihisi dunia inapinduka na mimi nimo ndani yake. Nilitaka kubeba kila kitu. Zaidi ya yote nilitaka kubeba nguzo, ule mti mnene ambao hubebwa na watu wawili, niubebe peke yangu, watu wanione.

Mjomba ndiye aliyekuwa mkubwa wa kundi letu, na alikuwa na masharti yaliyotuchekesha. Tukifika msituni baada ya kukaa mtumbwini magoti yakiwa kidevuni, alikataza mtu kugusa mti. Tembeeni kwanza, alisema. Mgongo uliokunjwa haubebi. Kisha tupime uzito kwa kuinua ncha kidogo. Kisha tuchuchumae, mti uje karibu na tumbo, tuvute pumzi tumbo likaze kama ngoma, macho mbele, na miguu ndiyo itunyanyue. Kibwebwe alituruhusu kujifunga, ila alisema kibwebwe hakijamfundisha mtu yeyote kuchuchumaa.

Sharti lake kubwa lilikuwa la tope. Maji yakipwa, tope la delta hushika mguu hadi muundi, halitaki kuuachia. Mtu ameinua boriti, anataka kugeukia upande wa mtumbwi. Miguu imefungwa, kiuno kinageuka peke yake. Hapo ndipo mjomba alipovunjikia. Alituambia aliona mgongo wa ng'ombe wa Idi ukipasuliwa: kati ya pingili na pingili mna kitu laini, kama kata tunayoweka begani chini ya mti. Ukiibana kata ile na papo hapo ukaisokota, inachomoka. Na ikichomoka, hakuna wa kuirudisha.

"Toa mguu, ndipo ugeuke," alisema, kila siku, hadi tukawa tunamwigiza tukicheza.

Ndipo akaja mtani wangu, Mmatumbi, ameshuka kutoka milimani, kifua kama mlango. Alikuwa amenyunyiziwa ile dawa ya maji, na alitusimulia jinsi risasi zitakavyoyeyuka zikimfikia. Nilimsikiliza nikisisimka hadi nywele. Kwa siku mbili alibeba pamoja nasi, akicheka masharti ya mjomba. Siku ya tatu, nguzo moja nene ikiwa imelala kwenye tope, alinitazama.

"Ninyi Wandengereko mnabeba mti kama mnabeba maiti ya mkwe. Mwenye maji haya risasi haimwingii, itamwingia nguzo? Naanza mimi, unafuata wewe. Ukishindwa, kuanzia kesho utanipikia."

Mjomba alimuuliza maji hayo alinyunyiziwa kichwani au kiunoni. Watu wakaangua kicheko. Mtani naye alicheka, akainama magoti yakiwa yamenyooka, akaikumbatia nguzo, akainyanyua. Wallahi, aliinyanyua! Ikapanda hadi kifuani, sote tukapiga kelele, na mimi nilikuwa nimeshajifunga kibwebwe, nimeshatema mate viganjani, zamu yangu inakuja.

Akageuka kuelekea mtumbwi. Miguu haikugeuka.

Aliiachia nguzo, akabaki amesimama upande upande, jasho linamtoka, akisema kwa sauti ndogo kwamba mguu unawaka moto kutoka kwenye tako hadi kidole gumba. Tulimchimbua kwenye tope kama tunavyochimbua kaa, tukamlaza chali mtumbwini. Nikafungua kibwebwe changu bila kuambiwa.

Hatujamaliza kumfunika, pembe ikalia kijijini. Mara tatu, ishara kwamba askari wanakuja. Moshi ulikuwa umesimama upande wa bara.

Tulipiga upondo kama wendawazimu. Nilikaa nimejikunja pembeni mwa mtani, na mtumbwi ulipogusa ufuo nikaruka niende nikamnyakue mama. Mjomba alinishika mkono.

"Tembea kwanza, mpwa wangu. Ukivunjika wewe, tumewapoteza wawili."

Nilikwenda kwa mwendo wa haraka, nikinyoosha kiuno njia nzima. Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kanga kichwani, kifurushi mapajani, ananingoja. Nilimpa mgongo, nikachuchumaa hadi chini. Akanikumbatia shingoni, nikamvuta karibu, nikajaza pumzi tumboni, na miguu yangu ikatunyanyua sote wawili. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani. Nilikuwa na nguvu kuliko nilivyodhani.

Kwenye tope njia hukata kushoto. Nikazama hadi muundi, miguu yote miwili. Pembe ikalia tena, watu wananipita mbio, mtumbwi ninauona pale, na mwili wangu wote ulitaka kugeuka mara moja umalize. Nilisimama. Nikatoa mguu wa kushoto, ukalia kwenye tope, nikauweka upande wa mtumbwi. Nikatoa wa kulia. Nikatoa tena wa kushoto. Hatua ndogo ndogo, kiuno kimetulia juu yake kama maji ya mtungini.

"Hii ngoma gani mjomba wako kakufundisha?" mama aliniuliza sikioni, na nilihisi tumbo lake linacheka mgongoni mwangu.

Nilimshusha kama nilivyomwinua, kwa magoti, polepole, akakaa kando ya mtani. Tulipoingia chini ya mikoko, majani yakatufunika, mtani aliinua kichwa kidogo akamtazama mama, kisha mimi.

"Mtani," alisema, "tukishuka, na mimi unibebe hivyo hivyo."

"Ngoja zamu yako, baba," mama alimjibu, akinipangusa tope mgongoni kwa ncha ya kanga. "Leo huu ni wangu."