Daktari anataka figo za kijana wangu, shemeji anataka arudi nyumbani mzima

Admin, nifichie jina tafadhali, shemeji zangu wako kwa hii page. Mimi ni mjane wa miaka 46, nauza mboga hapa Eldoret. Shule niliachia darasa la sita, mnisamehe nikikosea.

Bwanangu alichomewa ndani ya nyumba wakati wa ile vita ya kura ya 2007. Nilikuwa na mimba ya miezi saba. Tulimpeleka kwao Western sanduku likiwa limepigwa misumari. Kwetu maiti hulala uani sanduku likiwa wazi, watu wamuage uso kwa uso. Mama mkwe alikufa akisema hajui alizika nini. Kijana nilimzaa kwa hema ya wakimbizi, na ndiye huyo mmoja tu.

Jumatatu aligongwa na lori hapo Cheptiret. Daktari aliniita kando: "Mama, ubongo wake umekufa. Hiyo pumzi unaona ni ya mashine." Lakini nikimshika mguu, uko na joto. Akaniuliza polepole kama naweza kupeana figo zake, kuna wagonjwa wawili wanangoja. Nikikataa, mashine bado itazimwa.

Nikampigia shemeji mkubwa, yeye ndiye husema mambo ya boma. Akasema, "Shemeji, baba yake hatukumwona. Huyu shangazi zake watamwosha. Wakipata amepasuliwa, umzike huko huko town. Na unajua hizo figo zinaenda kwa nani? Ama unataka kusaidia wale walikufanya mjane?"

Nikamwambia kuangalia kabila hivyo ni dhambi. Lakini ukweli wenye sijaambia mtu ni kwamba mimi ndio nilifikiria hivyo kwanza. Daktari alipomaliza kuongea, nilimuuliza hao wagonjwa ni wa kabila gani. Akasema hawezi kuniambia. Nasikia aibu mpaka leo, kwa sababu ni mama wa kabila ya hao walimchoma bwanangu alinificha kwa stoo yake ya mahindi siku tatu, nikiwa na huyu mtoto tumboni.

Kijana mwenyewe hakuwahi kuniambia angetaka nini. Nani huongea na mtoto wa miaka kumi na saba mambo ya figo?

Kesho saa sita mchana wanataka jibu. Nikikubali, kwao hawatanipa mahali pa kumzika. Nikikataa, nitaishi nikijua kuna wawili walikuwa wananingoja. Wamama mliowahi kuzika mtoto, mngemjibu daktari nini?