Sentensi Niliyomwibia Mama

Ile sentensi si yangu. Kwa miaka tisa nimesema ni yangu: darasani, kwenye makongamano, na mara moja redioni, kwa sauti ya mtu anayejisikiliza.

Inamhusu mwongozaji filamu wa Kijapani, marehemu wa siku nyingi, aliyewafunza wengi kuteremsha kamera karibu na sakafu. Niliandika katika makala kwamba anaitazama familia "kama mtu aliyekaa kwenye kigoda jikoni, anayeona kila kitu na haulizwi kitu". Makala hiyo ndiyo iliyonipatia jina.

Aliyeisema ni mama. Nilikuwa likizo kwetu, milimani juu ya Same, nikamwekea filamu kwenye kompyuta huku akichambua maharage ya makande. Maneno ya Kijapani sikumtafsiria, mimi nilikuwa natazama kikazi. Akasema huyu mpiga picha naye amekalia kigoda, anaona kila kitu na haulizwi kitu. Nikafunga kompyuta, nikakimbilia chumbani kuandika.

Dada yangu alikuwepo. Makala ilipotoka aliniuliza, nikamjibu kwamba mama alisema jambo la kawaida, mimi ndiye niliyeliwekea nadharia. Shahada mbili, na utetezi wenyewe ndio huo. Akanikumbusha kwamba sisi Wapare tunapelekana mahakamani hata kwa kuku.

Katika makala hiyo hiyo nilimsifu Mjapani yule kwa kuishi na mama yake hadi uzeeni. Niliandika machozi yakinilengalenga. Krismasi ya mwaka huo sikwenda nyumbani.

Sasa makala inaingia kitabuni, na mhariri anataka ukurasa wa shukrani. Juzi asubuhi nikapiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umefukuzwa kazi?"

Nikaungama yote, bila nadharia. Nilisikia maharage yakidondoka kwenye sufuria, moja moja.

"Mbona najua," akasema. "Mchungaji wetu wa kanisani alinisomea makala yako zamani. Nikamwambia, mwanangu ana akili za mama yake."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Nakutoza faini," akasema. "Ulifunga ile kompyuta yule mzee wa kwenye filamu ndiyo kwanza kamiminiwa chai. Miaka tisa sijui kama aliinywa. Njoo unionyeshe."

Nikasema nitafika Ijumaa.

"Na safari hii unitafsirie."