Nyuma ya Mgongo wa Mume Wangu, Kutoka Gazi Hadi Taru

Nilikwenda Taru kwa sababu ya harufu. Mume wangu, Hamisi, ni fundi wa sola. Huzunguka vijijini na pikipiki yake akitengeneza taa na betri za watu, begi la vyuma likiwa mgongoni. Kwa muda mrefu alikuwa akirudi nyumbani Gazi akilalamika maumivu ya mgongo wa juu, pale kati ya mabega, nami nilikuwa nikimkanda kwa mafuta ya nazi mpaka asinzie. Kisha akaacha kulalamika. Alikuwa akitoka safari za Taru ametulia, hataki kukandwa, na shati lake likinuka mafuta ya mkaratusi.

Nyumbani kwetu hatuna mafuta hayo. Nilipomuuliza alisema ni dawa ya kupaka aliyonunua dukani. Nikatafuta kopo lake mifukoni na ndani ya begi, nikakuta bisibisi na nyaya tu. Na Taru si karibu. Hufika huko akiwa amepita Ukunda, Kwale, Kinango na Samburu, na kote huko kuna taa za sola zinazoharibika. Sikuelewa kwa nini watu wa Taru wamwite fundi kutoka pwani, tena mara kwa mara. Mwanamke mwenzangu tunayepanda naye miche ya mikoko alinisikiliza, akanyamaza, na kunyamaza kwake kukanitosha.

Nikamwambia Hamisi kwamba safari ijayo nitakwenda naye, nikaone hiyo nchi ya mbuzi.

"Mgongo utakuuma," akasema.

"Mgongo ni wangu," nikamjibu.

Alijaribu kunizuia kwa vumbi, kwa jua, kwa watoto. Watoto nikawapeleka kwa wifi yangu Riziki.

Asubuhi tulitoka Gazi baada ya sala ya alfajiri, mikoko bado ikiwa nyeusi. Kwa kuwa nilikaa nyuma yake, begi la vyuma ilinilazimu kulivaa mimi. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani, betri moja kubwa ikiniegemea uti wa mgongo. Nilitaka kumshika kiunoni kama tulivyokuwa tukipanda zamani, akaniambia nishike keria, nisimbane mabega. Hilo nalo nikaliweka moyoni.

Ukunda tulisimama kutia mafuta. Hamisi akavuka barabara kwenda dukani, akarudi na sukari, majani ya chai na mkate. Nikamwuliza ni vya nani. Akasema ni vya wenyeji wake, si vizuri kufika kwa watu mikono mitupu. Maneno mazuri. Lakini mimi ndugu zangu wa Msambweni huwatembelea mikono mitupu, na hajanikumbusha hata siku moja.

Kutoka Kombani barabara inapanda kuelekea Kwale, na hewa inabadilika, unapata ubaridi wa msitu wa Shimba. Hapo ndipo nilipoanza kumchunguza kwa makini. Alikuwa anaendesha ameinama, shingo imetangulia, mabega yamepanda mpaka masikioni. Kila baada ya muda mfupi aliuachia mkono wa kushoto, akauning'iniza pembeni na kuukung'uta kama mtu aliyeshika maji. Nikajiambia kwamba mtu mwenye jambo moyoni hatulii.

Tulipofika Kwale mjini hakutaka kupumzika. Nilipomwomba tunyooshe viungo alisema tutachelewa. Nikauliza tutachelewa nini, naye akawasha pikipiki.

Njia ya Kinango ni ndefu kwa asiyeizoea. Minazi ilituacha, ikaja miti mifupi yenye miiba, na nyumba zikawa zimeachana mbali. Nusu ya njia nikahisi kitu kama msumari wa moto kati ya mabega yangu. Nikajisogeza, nikajaribu kuinua begi kwa vidole gumba, msumari ukabaki palepale. Nikakumbuka usiku wote niliokuwa nikimkanda mume wangu pahali hapohapo, na kwa mara ya kwanza nikamhurumia. Huruma hiyo haikudumu.

Kinango tuliingia hoteli ya chai na mahamri. Mama aliyetuhudumia alimsalimia Hamisi kwa jina, akanitazama, akasema kwa ucheshi kwamba leo amekuja na ulinzi. Kabla sijauliza ulinzi dhidi ya nani, kikombe cha chai kikamponyoka Hamisi mkononi, chai ikamwagikia meza nzima na kikombe kikaanguka chini kikavunjika. Aliinama haraka kuokota vipande kwa mkono wa kulia. Nilimtazama uso. Alikuwa ameogopa. Nami mume wangu nimemwona akiogopa mara chache sana.

Tukaendelea mpaka Samburu. Kichwani nilikuwa nimeshapanga maneno yote nitakayomwambia huyo mwanamke wa mafuta. Nilimpa sura na umri, nikamvisha na nguo.

Samburu barabara yetu inakutana na ile kubwa ya Mombasa na Nairobi, yenye malori usiku na mchana. Hamisi alipaswa kusimama kabla ya kuingia. Nilimwona akipeleka mkono wa kushoto kwenye klachi, vidole vikaishika, lakini haikuvutika. Pikipiki ikaruka mbele badala ya kusimama, ikaingia kwenye lami na kuzima. Lori lilikuwa linakuja. Nilisikia honi yake ndani ya kifua. Dereva akalipeleka upande wa pili, upepo wake ukatusukuma, mtandio wangu ukafunguka na kuruka. Tukaisukuma pikipiki mpaka kando.

"Klachi imekwama," akasema Hamisi.

Nilikwenda nikaibana mwenyewe. Ilivutika bila shida.

Kipande kile cha Samburu hadi Taru tulikwenda polepole ukingoni, nami nilisoma kila dua niliyoijua.

Taru tulifika jua likiwa kali. Ni pahali pa malori kusimama, mbuzi kufungwa kwenye nguzo na magunia ya makaa kupangwa kando ya barabara. Hamisi alikata kona nyuma ya maduka, akasimama mbele ya nyumba ya bati yenye ua wa miiba. Akatoka mwanamke wa makamo, mnene kidogo, mikono imejaa unga. Nyuma yake alikuja mumewe, mzee Musyoka, akitembea kwa fimbo, nikampa shikamoo yake.

Mwanamke alijitambulisha kuwa Mama Mwende. Nikasikia mkaratusi kabla hajanikaribia. Nilikuwa tayari kufungua mdomo, yeye akanitangulia.

"Wewe ndiye mama ya watoto. Nimemwambia akulete, akakataa. Nikamwambia basi asirudi hapa mpaka akulete."

Nikamtazama Hamisi. Alikuwa anatazama mbuzi.

Tuliketi kivulini, tukaletewa maji, na Mama Mwende akanieleza bila kuzunguka. Miaka mingi alikuwa akikanda wageni katika hoteli moja ya Diani, kazi aliyofundishwa hukohuko, mpaka mumewe alipoanguka na yeye akarudi kumtunza na kufuga. Hamisi alikuja kutengeneza taa yao, akashindwa kunyanyua mkono kufikia dari, naye akamkanda mgongo kwa mafuta yake. Mzee Musyoka alikuwa ameketi palepale, kama leo. Hamisi akapata nafuu, akarudi tena na tena. Lakini safari moja Mama Mwende alimpa kikombe cha maji, kikamponyoka. Akamwambia ashike kidole chake kwa mkono wa kushoto, akakishika kwa ulegevu kama mtoto mchanga.

"Mgongo naujua," akasema. "Mkono kufa nguvu siujui, na sitaki kuujua. Hiyo ni ya hospitali. Mafuta yangu yanamfanya asiende, kwa hivyo leo simshiki."

Kisha akaingia ndani kupika ugali, akatuacha.

Nilikaa na maneno yangu yote niliyoyapanga, na hakukuwa na wa kumwambia. Hasira haikuondoka, ila ilihama. Nilimwuliza Hamisi ni tangu lini. Akasema tangu kabla ya mfungo, vidole vinakufa ganzi, kisha mkono unalegea, kisha unarudi. Anapokandwa maumivu yanapungua, naye hujiambia amepona. Nikamwuliza kwa nini ameweza kumwonyesha mwanamke wa Taru, mimi nisionyeshwe.

"Wewe ungesema niuze pikipiki," akajibu.

Ningesema hivyo, kweli. Ningesema siku hiyohiyo.

"Na mimi umenipakia nyuma," nikamwambia, "na mkono huo."

Hapo akafunika uso, nami nikaacha.

Tulilala Taru kwa wenyeji wetu. Jioni Mama Mwende alinikanda mimi, maana ule msumari wa moto haukutoka, na akanionyesha la kufanya. Begi zito lisikae mgongoni, lifungwe kwenye keria kwa mpira wa tyubu. Mikono ya pikipiki iinuliwe na kurudishwa nyuma, mtu asiinamie tangi. Viwiko vilegezwe, mabega yashuke. Na msafiri ateremke kila mara, arudishe mabega nyuma, azungushe shingo taratibu, atembee kidogo ndipo apande tena. Nilimsikiliza, lakini kusema kweli nilikuwa bado namchungulia, nikitafuta kosa. Alikuwa na mikono mikubwa yenye nguvu, akinikanda huku akinisimulia habari za mbuzi aliyezaa mapacha. Sikupata kosa.

Asubuhi ya kurudi Hamisi alitoa pikipiki akaniambia mkono leo uko sawa kabisa. Nikamwambia sipandi, na yeye hapandi. Tukabishana mbele ya watu, jambo ambalo sijawahi kulifanya, mpaka mzee Musyoka akaenda barabarani na fimbo yake, akarudi na habari za kanta, lori dogo linalopeleka mbuzi Kombani. Dereva alikubali kutuchukua na kutufikisha mpaka Gazi. Pikipiki ikafungwa kwa kamba katikati ya mbuzi, sisi tukakaa mbele. Kinango tulipita bila kusimama. Hamisi alitazama dirishani njia nzima kama mtu anayerudishwa kwao kwa nguvu.

Msambweni tulikwenda hospitali siku iliyofuata. Daktari alimpima, akaagiza picha ya shingo, akasema kuna mshipa wa fahamu unaobanwa shingoni, na kule kuinama na begi mgongoni kumezidisha. Alimwuliza kwa nini amekawia. Hamisi akasema alidhani ni uchovu. Nilimkatiza, nikaeleza yote, hata la lori. Daktari akampiga marufuku kuendesha mpaka nguvu zirudi, akampa mazoezi ya kufanya ukutani. Alimpima kwa kumpa vidole viwili avibane kwa kila mkono, nami nikaomba nimpe vidole vyangu pia avibane, nipate kujua tofauti.

Miezi ile ilikuwa mizito. Hamisi alitengeneza redio na taa za watu wa Gazi barazani, akawa mkali kwa watoto, akafanya mazoezi yake kwa kununa. Nilimkanda mgongo kila jioni, kwa ruhusa ya daktari. Mafuta ya mkaratusi yalitoka Taru, aliyatuma Mama Mwende kwa dereva yuleyule wa kanta, nami nikamrudishia mchele na nazi.

Sasa anaendesha tena. Mikono ya pikipiki imeinuliwa, begi liko kwenye keria, na akienda mbali husimama Kwale, husimama Kinango, hunipigia simu kila anaposimama. Nimejifunza kwamba maumivu ya mgongo wa juu huanza na mambo madogo, namna mtu anavyokaa na anavyobeba, na kwamba yakishuka mpaka vidoleni si ya kukanda tena. Nimejifunza pia kuwa mume wangu anaweza kunitazama usoni akaniambia yuko mzima, na asiwe mzima. Hilo halijanitoka, na sidhani litatoka.

Kwa hivyo kabla hajatoka husimama mlangoni, nami humpa vidole viwili. Juzi alitaka kwenda Kinango, akasema mkono uko salama. Akabana. Nikamwambia abane tena. Akabana mpaka nikauma meno, na hapo ndipo nilipompa ufunguo.