Siki Iliyotiwa Maji

Mimi nauza maziwa. Muntu akitia maji najua kabla hajafunga kifuniko. Kwa hiyo muganga alipopitisha pamba yenye siki mbele yangu, nilijua. Ile siki, ile tunaita vinegre, haikunuka kitu.

Nililala kwenye kitanda cha kituo cha afya, magoti juu, mutoto wangu analia nje kwa mama ya bwana yangu. Kila nikilala na bwana yangu nilitoka damu. Mama yangu alitoka damu hivyohivyo, wakamwambia ni uzee, tukamzika. Hiyo njo sababu nilishuka mwendo wa saa tatu kutoka milima ya juu ya Kalembe, na bido, dumu langu la maziwa, kichwani, maana ng'ombe hawangoji.

Muganga alikuwa ametueleza vizuri kwenye benchi. Anapaka siki kwenye mlango wa uzazi, anangoja dakika moja, anamulika taa. Nyama nzima inabaki nyekundu-nyekundu kama ulimi, mwanga unapenya. Nyama iliyoanza kuharibika inageuka nyeupe, kama ute wa yai ukiona moto, inarudisha mwanga. Ukiiona mapema, unaichoma kabla haijawa kansa.

Alimulika. Akasema hakuna kitu, nivae.

"Mama muganga, hii vinegre iko na maji."

Akaniuliza kama nilisomea uganga. Nikamwambia nilimaliza sekondari tu, lakini maziwa nayajua. Nikashuka na kitenge kiunoni, nikamimina maziwa kidogo ya bido langu kwenye kikombe, nikaongeza siki yake kiasi kilekile. Siki ya kweli inakata maziwa palepale. Tulisimama wawili tukikodolea kikombe. Maziwa yalibaki maziwa.

Akakaa kwenye kiti. Akasema barabara ya kutoka mjini ilifungwa, chupa hazikufika, wanawake walikuwa wengi na hakutaka kumrudisha muntu. Kwenye kabati ilibaki chupa moja, haijafunguliwa. Nikamuuliza ya nini. Akasema ya kuonyesha wakubwa wakija kukagua.

Nilimwambia mama yangu naye alidanganywa kwa sauti ya upole kama yake, na kwamba yeye muganga angetufukuza wote ingekuwa afadhali, kwa sababu muntu aliyefukuzwa anarudi. Aliyeambiwa ni mzima harudi.

Alifungua ile chupa. Kikombe cha pili kilikatika mabonge kabla sijakiweka chini.

Nikapanda tena kitandani. Safari hii siki ilichoma. Aliangalia dakika kwenye simu yake, mimi nikaangalia uso wake.

"Iko," akasema.

"Iko nini? Sema."

"Nyeupe. Juu, upande wa kushoto, kama ukucha. Haijaenda mbali, dada. Mashini ya kuchoma iko hapa. Tunaichoma leo."

Aliinuka kuichukua. Nilitaka kulia, lakini nikakumbuka wanawake sita waliotangulia asubuhi ile. Niliwasikia wakitoka wanacheka, mmoja anasema sasa atakula akashiba. Nikamuuliza wale je. Akasema atawaita wiki ijayo, chupa zikifika.

Wawili walikuwa wa upande wa Kibua. Wakishavuka mto na mvua ikaujaza, nani atawapata? Na ile chupa ilikuwa bado imejaa karibu yote.

Alirudi na mashini mkononi. Nikafunga magoti.

"Tuma pikipiki ya kituo kwanza iwarudishe wale sita," nikamwambia. "Ikishaondoka, hapo njo nitafungua."